Meli Ambayo Sikuwahi Kuipanda

Barua pepe iliingia nikiwa nimeshika mkoba wa mwalimu mmoja, nimeufungua nusu, namtafutia kitambulisho ambacho alidai kimo humo humo. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mabasi ya wanafunzi yalikuwa yamepanga foleni nje ya lango, madereva wanapigiana honi, na jua la Abu Hamour, mtaa wa Doha, lilishaanza kuunguza vyuma vya uzio. Mlinzi akiwa langoni haruhusiwi kushika simu, kwa hiyo niliiacha itetemeke mfukoni mwa sare mpaka lango likafungwa. Ndipo nikaingia kibandani na kuisoma.

Chuo cha Ujerumani nilichoomba nafasi kilikuwa kimenialika kwenye mazungumzo ya video Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi kwa saa za Ujerumani, ambayo kwetu ni saa tano. Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi hadi nikaziba mdomo kwa mkono. Niliporudia, nikafika kwenye maneno haya: “hasa kuhusu kipindi chako cha mafunzo melini.” Nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

Sikuwa nimewahi kufanya kazi melini hata siku moja.

Nilizaliwa Nakuru, mahali ambapo maji makubwa tuliyoyajua ni ziwa la chumvi. Nilienda Mombasa kusomea uhandisi wa injini za meli kwa sababu mwalimu wetu wa fizikia aliniambia siwezi, na nikamaliza diploma. Wavulana wa darasa letu walipata nafasi za mafunzo melini, mmoja mmoja. Sisi wasichana wawili tuliambiwa tusubiri. Mwenzangu alisubiri mpaka akaolewa. Mimi nilipata wiki tano tu katika karakana ya kutengeneza pampu za meli karibu na bandari, kisha karakana ikakosa kazi tukaambiwa twende nyumbani. Mwaka uliofuata nikaja Doha kuwa mlinzi wa lango kwenye shule ya wasichana.

Chuo hicho cha Ujerumani nilikijua kwa kusoma simu saa za mchana, wanafunzi wakiwa madarasani na lango likiwa kimya. Ni chuo kikuu cha sayansi tumizi, yaani mahali ambapo mtu hapewi shahada kama hajachafua mikono. Siku hizi kinafundisha uuguzi, kompyuta, hata biashara, lakini mizizi yake ni ya bahari: kilianza kama shule ya manahodha, vyumba vichache vya kufundishia hesabu za nyota na kusoma ramani. Picha zake nilizijua kama mtu anavyojua picha za ukutani kwao. Kulikuwa na ukumbi wa injini za dizeli, na wanafunzi wenye ovaroli za buluu wakiwa wameinama juu ya silinda iliyofunguliwa. Mmoja wao alikuwa msichana mwenye msuko. Nilijifunza Kijerumani miaka miwili kwa ajili ya ile picha, nikinong'ona vitenzi kibandani, hadi walimu wa pale shuleni wakadhani nasali.

Sharti lililonishinda lilikuwa moja. Walitaka wiki kumi na mbili za mafunzo ya vitendo kabla ya kuanza masomo, karakanani au melini. Mimi nilikuwa na tano.

Katika eneo la Industrial Area la Doha, mitaa miwili kutoka kwenye jengo walimolala walinzi wanawake wa kampuni yetu, palikuwa na Mkenya mwenzetu aliyetengeneza simu. Nyuma ya pazia la duka alikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapa. Watu walimfuata kwa mambo ya karatasi. Nilipomweleza shida yangu hakuuliza mengi.

“Karakana ya nini?” alisema. “Wewe umesomea meli, tukuweke kwa meli. Hawa watu huangalia tu kama kuna muhuri.”

Alinitengenezea barua ya wiki kumi na mbili melini, yenye nembo, saini na muhuri wa buluu, na jina la meli ambalo alilitoa sijui wapi. Hakutaka chochote. Aliniambia tu, “Ukifika huko, utanikumbuka.” Niliituma barua hiyo jioni ile ile, haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Kisha nikajizoeza kutoifikiria.

Sasa nilikuwa na siku sita. Nilizitumia vibaya. Badala ya kuwaza niseme nini, nilikariri meli. Nilitazama video za vyumba vya injini, nikajifunza hatua za kuwasha injini kubwa, nikajitungia bosi mkali na mpishi Mfilipino. Kufikia Jumatatu nilikuwa naweza kusimulia safari nzima.

Msimamizi wetu wa zamu alikuwa Mganda wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya msingi kwao. Nilimwomba ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa tatu.

“Sista, Jumanne?” alisema. “Wiki hii wanaweza kuleta mkaguzi.”

“Afande, ni mahojiano ya chuo. Hayatarudi tena.”

Aliniangalia, akakuna kidevu. “Mwenzako wa zamu ashike lango lako. Saa saba uwe umerudi. Saa saba, si saa saba na kitu.”

Mazungumzo niliyapangia kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi aliyekuwa na chumba mtaa wa Al Thumama. Yeye ndiye aliyenipokea Doha, na yeye ndiye aliyekagua barua zangu zote za Kijerumani ingawa hakujua neno hata moja, kwa kutazama tu kama zimenyooka. Kuhusu barua ya meli hakujua kitu. Siku ile alikuwa ametoka zamu asubuhi, lakini hakulala. Nilimkuta ametandika kitanda vizuri ili nyuma yangu paonekane pa heshima, amefungua laptopu, amezima kiyoyozi kwa sababu kilinguruma. Chumba kikawa tanuri.

“Kikundi chetu cha maombi kimefunga leo kwa ajili yako,” alisema akininyoosha kola. “Watu kumi na wawili. Hebu tulia.”

Nilitaka kumwambia wakati ule. Mdomo ulifunguka kabisa. Saa ikaonyesha dakika moja kabla ya saa tano, nikaufunga.

Walijitokeza watu wawili kwenye skrini. Mmoja alikuwa mama wa ofisi ya udahili, mwenye miwani na kalamu. Wa pili alikuwa profesa mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa, mwanamaji wa zamani. Nilijua kwa sababu alijitambulisha kwa kazi yake ya meli kabla ya kazi yake ya chuo. Dada alikaa sakafuni upande wa pili wa meza, mahali ambapo kamera haikumwona, mikono imefumbatana.

Mwanzo ulienda vizuri. Waliuliza kwa Kijerumani kwa nini injini, nikajibu. Nilipokwama walinihamishia Kiingereza bila kunidharau. Profesa akauliza nifanye nini asubuhi kabla ya kuwasha injini kubwa ya meli. Hilo nilikuwa nalo vidoleni. Nikamwambia kuhusu mafuta, maji ya kupasha silinda joto, kuizungusha injini polepole matundu yakiwa wazi ili maji yaliyoingia yatoke, kisha hewa ya kuwashia. Aliitikia kwa kichwa. Mama wa udahili aliandika. Simu yangu ilianza kutetemeka kitandani. Sikuigusa.

“Vizuri,” profesa alisema. “Sasa niambie jambo rahisi. Kwenye meli yako, mlango wa dharura wa kutokea chumba cha injini ulikuwa wapi?”

Nilisogeza glasi ya maji mezani.

“Kila meli ina wake,” aliendelea, bila haraka. “Ndicho kitu cha kwanza anachoonyeshwa mgeni, kabla hata ya choo. Moto ukiwaka, ulikuwa unakimbilia wapi?”

Ningeweza kusema popote. Ningesema nyuma, upande wa kulia, ngazi ya chuma, nani angejua? Nilifungua mdomo kusema hivyo hasa. Ndege ilikuwa inashuka uwanjani, ikapita juu ya nyumba na mngurumo uliotikisa glasi mezani, na wote wawili wakanyanyua macho wakingoja upite. Zile zilikuwa sekunde kumi hivi. Katika sekunde hizo nilijiona nikiwa melini kweli, mimi ndiye mtu wa zamu, moshi umejaa, na kuna mtu mwingine humo ndani ananiuliza tutokee wapi.

“Sijui,” nikasema. “Sikuwahi kuwa kwenye meli hiyo. Barua ile si ya kweli.”

Kalamu ya mama wa udahili ilisimama. Nikasikia dada akivuta pumzi. Sikumtazama.

“Nani aliitengeneza?” mama akauliza.

“Niliitaka mimi, na niliituma mimi. Jina la mwingine sitalitaja.”

Profesa alivua miwani yake, akaiweka chini. “Meli hiyo ilikatwa kuwa vyuma chakavu mwaka mmoja kabla ya tarehe zilizo kwenye barua yako,” alisema. “Nilifanya kazi kwenye kampuni iliyoiuza.”

Kwa hiyo walikuwa wanajua. Tangu ile Jumatano walikuwa wanajua, na mimi nilikuwa nakariri mpishi Mfilipino. Aibu iliyonishika ilikuwa na uzito, kama mtu amenikalia mabegani. Niliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwa nini basi waliniita.

“Kwa sababu ya insha uliyoituma pamoja na ombi. Uliandika kuhusu beringi ya pampu iliyoungua, na jinsi ulivyoijua kwa harufu kabla ya kuifungua. Mtu hawezi kuiga hilo kutoka kitabuni. Nikashindwa kuelewa mtu wa namna hiyo anataka nini na barua ya namna hii.”

Akaniambia nimweleze kuhusu pampu. Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu zile wiki tano, fundi mkuu aliyenifundisha kusikiliza beringi, kile chuma kinachobeba mhimili unaozunguka, kwa bisibisi iliyoegemezwa sikioni, na kovu la mvuke kwenye mkono wangu wa kushoto. Nililia kidogo, si sana. Alisikiliza mpaka mwisho, lakini uso wake haukulainika, na sikutegemea ulainike.

Mama wa udahili ndiye aliyezungumza baadaye. Kamati ingekaa Alhamisi. Ombi langu likifika mezani likiwa na barua ile, litaandikwa kuwa udanganyifu, na neno hilo halitafutika. Lakini kama nitaliondoa ombi mwenyewe, kwa maandishi na saini yangu, kabla ofisi haijafungwa leo saa sita yao, saa saba kwetu, na mafaili kupelekwa kwa kamati, basi hakutakuwa na ombi la kuhukumiwa.

“Umenielewa?” aliuliza.

“Nimeelewa.”

“Una dakika arobaini na tano.”

Skrini ikawa nyeusi. Nikageuka. Dada alikuwa ameshasimama, amenipa mgongo, anaangalia ukuta.

“Dada, nahitaji karatasi.”

Alivuta droo, akatoa ratiba yake ya zamu ya mwezi uliopita, akaiweka mezani upande mweupe ukiwa juu, na kalamu juu yake. Hakunitazama. Niliandika kwa Kijerumani mistari minne, nikakosea tarehe, nikaifuta, nikaona karatasi imechafuka. Nikaomba nyingine. Akatoa nyingine. Niliposhika simu kupiga picha, nilikuta msimamizi amepiga mara sita. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: Mkaguzi amefika. Uko wapi.

Picha ya kwanza ilikuwa na kivuli. Ya pili ilikataa kwenda. Mtandao ulizunguka, ukazunguka. Nilisimama dirishani na simu juu kama mjinga, jasho likinitiririka mgongoni. Ilipokwenda, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Jibu lilikuja baada ya dakika tano: Tumepokea.

“Asante,” nilimwambia dada.

“Nenda kazini,” alisema.

Nilifika shuleni saa saba na robo. Msimamizi alinipokea langoni, ananong'ona huku anatabasamu kwa ajili ya mtu aliyekuwa nyuma yake.

“Nimemwambia uko kliniki. Tumbo. Usiniangushe.”

Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mpole wa makao makuu ya kampuni, karatasi zake zimebanwa kwenye kibao mkononi. Aliniuliza kama napata nafuu. Ilikuwa haijatimia saa mbili tangu niseme ukweli uliogharimu miaka yangu miwili, na nilidhani nimekuwa mtu mwingine. Nilimtazama msimamizi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Ana watoto wanne Mbale.

“Napata nafuu,” nikasema. “Asante, bwana.”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko lile la kwanza nililompa profesa, na mpaka leo sijui niliweke upande gani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Nilikagua mikoba, nikafungua lango, nikalifunga. Kijerumani sikukigusa. Nilienda kwa yule fundi wa simu, nikamwambia meli yake ilikufa zamani na asimpe mtu mwingine barua ile. Alicheka kwanza. Nilipomwambia nimekiri, akaacha kucheka, akauliza kama nimemtaja. Nikamwambia la. Akarudi nyuma ya pazia bila kuniaga, na baadaye tukawa tunapishana barabarani kama watu wasiojuana.

Dada hakupokea simu zangu kwa wiki tatu. Ijumaa ya wiki ya nne nilimfuata Al Thumama bila kualikwa. Alinifungulia, akanipa chai, akakaa mbali.

“Nilisimama mbele ya watu,” alisema. “Nikawaambia wafunge. Kuna mama mmoja hapo ana kisukari, alikaa bila kula mpaka jioni. Alikuwa anaombea barua ya uongo. Ulinitazama machoni ukaacha nikunyooshe kola.”

Nilimwomba anisamehe. Alisema atajaribu, na akaniambia niende mwenyewe kwa yule mama nikamwambie. Nilienda. Alikuwa mtu wa Busia, mpishi wa nyumba ya watu, akanikaribisha mlangoni kwa bosi wake, akanisikiliza amesimama. Kisha akaniuliza kama sukari yangu iko sawa, maana nimekonda.

Mkataba wangu ulipoisha sikuutia saini tena. Nilirudi Mombasa, kwenye ile karakana, ambayo ilikuwa imepata kazi tena. Fundi mkuu alinikumbuka kwa kovu. Nilimwambia nataka wiki nane, na kila siku aiandike. Alinifanyisha kazi kama punda. Nilifungua pampu, nikasaga vali, nikakata gasketi mpaka vidole vikaota sugu, na mwishoni akaniandikia barua kwa mkono wake, kwa Kiingereza chake, herufi zimeegemea upande mmoja. Alinitaja kuwa mchapakazi na mbishi. Nilimwomba aondoe mbishi. Akakataa.

Nilituma maombi upya mwaka uliofuata. Ilibidi nijaze kama niliwahi kuomba hapo awali, nikajaza ndiyo, na kwenye nafasi ya maelezo nikaeleza. Safari hii hawakuniita kwenye mazungumzo. Nilikaa miezi miwili nikiamka na moyo unaodunda. Barua ya kukubaliwa ilipokuja niliificha siku tatu, sikumwambia hata mama, nikiogopa watagundua wamekosea.

Niko mwaka wa pili sasa. Yule profesa hunifundisha mitambo ya usaidizi, yaani pampu na jenereta za meli, na hajawahi kulitaja jambo letu, si kwa neno wala kwa jicho. Mwanzoni nilidhani amesahau. Siku moja tulikuwa tunapokea ripoti za maabara, akapitisha za wenzangu kwa kuzitupia macho tu. Yangu aliisoma mstari kwa mstari, mbele yangu, nikiwa nimesimama. Alinirudishia bila kusema kitu. Hufanya hivyo kila mara. Zamani ilinikera, sasa huwa nahakikisha vipimo vyangu mara mbili kabla ya kuandika.

Dada bado yuko Doha. Hunipigia akitoka zamu, tunaongea kuhusu wagonjwa wake, baridi ya huku, na mama zetu. Neno la msamaha hajalitamka, nami silidai. Juzi aliniuliza mitihani inaendaje, nikamwambia nimeanguka somo la joto na nishati na nitalirudia mwezi ujao.

“Umeanguka kwa alama ngapi?” aliuliza.

Nikamwambia.

“Haya,” alisema. “Soma.”